Somo la Ufundi: Kupanga Gereji Ndogo ya Nyumbani yenye Mashine ya Kuinulia Gari

UTANGULIZI

Gari katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba zimekuwa zikiongezeka mwaka hadi mwaka, na nyingi kati yake ni zile zilizokwishatumika nchi za nje kabla ya kuletwa hapa. Gari ya namna hiyo huhitaji kuangaliwa mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, watumishi wengi wa Serikali na wananchi wengine hupendelea kufanya matengenezo madogo nyumbani wakati wa mapumziko, kama vile kumwaga oili, kubadilisha breki au kukagua sehemu zilizoanza kuliwa na kutu.

Kazi hizo aghlabu hufanywa kwa kuinua gari kwa jeki, kuiegemeza juu ya matofali au mawe, kisha mtu akalala chini yake. Ni wajibu wa ukurasa huu kueleza bila ya kuficha kwamba utaratibu huo unaua. Tofali la saruji lenye matundu halitoi ishara kabla ya kuvunjika. Hupasuka mara moja, na gari yenye uzito wa kilo 1,300 haimpi aliye chini yake nafasi ya kujivuta.

Njia iliyo bora ni kutumia stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa yule mwenye kiwanja na uwezo, njia nyengine ni kujenga gereji ndogo yenye mashine ya kuinulia gari, ambayo mafundi wetu huiita lifti. Somo hili linaeleza namna ya kuipanga gereji hiyo. Nia yetu kuu ni kumfahamisha msomaji jambo moja ambalo wengi hulisahau: mashine huinua gari, lakini sakafu ndiyo inayoibeba. Anayenunua mashine kwanza na kuifikiria sakafu baadaye, ameanza kazi kwa upande wa mwisho.

KWA NINI SI SHIMO?

Zamani gereji nyingi zilichimbwa shimo ambalo fundi husimama ndani yake na gari ikapita juu. Shimo ni rahisi kwa gharama, lakini lina kasoro mbili kubwa katika mazingira yetu. Kwanza, wakati wa masika maji ya ardhini hupanda, na shimo lisilozuiliwa maji vizuri hugeuka kisima. Pili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hujikusanya chini ya shimo na kukaa humo bila ya kuonekana, hata cheche moja ya taa mbovu au ya spana ikauwasha. Kwa nyumba yenye watoto kuna kasoro ya tatu, nayo ni kuanguka.

AINA ZA MASHINE

Ziko aina tatu ambazo mwananchi anaweza kukutana nazo.

(a) Mashine ya nguzo mbili. Gari hukaa katikati ya nguzo na kuinuliwa kwa mikono minne inayoshika chini ya mwili wake, hivyo magurudumu hubaki yakining'inia. Hii ndiyo inayofaa zaidi kwa breki, magurudumu na gia. Zile za kawaida huinua hadi tani 4, upana wake wa nje ni karibu mita 3.4, na nguzo zake huwa na urefu wa baina ya mita 2.8 na 3.7. Mashine hii ndiyo inayodai sakafu imara kuliko zote.

(b) Mashine ya nguzo nne. Gari hupanda juu ya njia mbili za chuma na kusimama kwa magurudumu yake. Uzito hugawika katika pembe nne, na nguzo hazivutwi upande mmoja. Inafaa kwa kumwaga oili na kwa kuweka gari moja juu ya nyengine, lakini huwezi kutoa gurudumu bila ya kuwa na jeki ya ziada juu yake.

(c) Mashine ya mkasi. Hukaa sakafuni na kujikunjua kama mkasi hadi kiasi cha mita moja au kidogo zaidi. Inafaa pale ambapo dari ni fupi, ingawa chuma chake huziba sehemu ya katikati ya gari.

KUPIMA UREFU

Kosa la kawaida ni kupima urefu wa mashine na kusahau urefu wa gari. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa dari, toa urefu wa gari yako, kisha toa sentimita 10 za tahadhari. Kinachobaki ndicho kimo unachoweza kuinua.

Tuchukulie mfano wa dari ya mita 3.0. Gari ndogo yenye urefu wa mita 1.5 itainuliwa mita 1.4, na fundi atafanya kazi akiwa amekaa juu ya kibao. Gari ya abiria yenye urefu wa mita 2.0 itainuliwa sentimita 90 tu. Anayetaka kusimama wima chini ya gari ndogo, na ikainuliwa mita 1.8, anahitaji nafasi tupu ya mita 3.4, na ni vyema afikishe mita 3.7 ili nguzo nazo zipate kusimama bila ya kugusa boriti.

Chumba cha kawaida cha nyumba zetu hakifiki kimo hicho. Kwa hivyo, ni afadhali gereji ijengwe peke yake, ikiezekwa kwa bati na kuachwa wazi ndani bila ya dari, ili sehemu ya katikati ya paa itumike. Nguzo zisimamishwe chini ya mgongo wa paa, ambako ndiko kwenye nafasi kubwa. Taa zifungwe pembeni na zisitundikwe juu ya gari, kwani paa la gari litazivunja.

KUPIMA UPANA NA KINA

Kwa mashine ya nguzo mbili, upana wa ndani usipungue mita 4.5, ili fundi apite nje ya nguzo na mlango wa gari ufunguke. Kina kisipungue mita 7: gari yenyewe karibu mita 4.5, mita moja nyuma, na iliyobaki mbele kwa ajili ya meza ya kazi. Lango liwe na upana wa mita 2.7 au zaidi, na gari iweze kuingia ikiwa imenyooka. Gari inayoingia kwa kukata kona haikai sawa baina ya nguzo, na gari isiyokaa sawa haiinuki kwa salama.

UDONGO WA MAHALI

Kabla ya kuchora sakafu, mwananchi aujue udongo anaoujengea. Wazee wetu wameupa udongo wa visiwa hivi majina, na kila jina lina maana kwa mjenzi. Kwenye maweni, kama vile sehemu nyingi za mashariki na kusini ya Unguja, jiwe liko karibu na hubeba vizuri, lakini huwa na mapango na mashimo yaliyofichika. Ardhi igongwe na ichunguzwe, na shimo litakaloonekana lijazwe zege. Kwenye kichanga, msingi ushindiliwe kwa maji na mashine. Kwenye kinongo, ardhi huwa nzuri ikishindiliwa vyema. Kwenye kinamo pana matatizo, kwa sababu udongo huo huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu iliyo juu yake hupasuka nao. Udongo wa aina hiyo uondolewe na mahali pake pawekwe kifusi cha mawe. Kwa ndugu zetu wa Pemba wanaojenga kwenye mteremko, sehemu iliyojazwa ishindiliwe kwa matabaka membamba, na nguzo zote mbili zisimame kwenye ardhi ya aina moja. Isiwe moja iko kwenye ardhi ya asili na nyengine kwenye kifusi.

SAKAFU

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Katika mashine ya nguzo mbili, mikono inayobeba gari imetokeza kwa ndani. Uzito wa gari kwa hivyo huivuta kila nguzo iinamie katikati. Kinachoizuia isianguke ni bolti zilizofungwa kwenye sakafu, hasa zile za upande wa nje, ambazo huvutwa kwenda juu kila gari inapoinuliwa. Ikiwa zege ni jembamba au bovu, bolti hung'oka pamoja na kipande cha zege, nguzo ikalala, na gari ikafuata.

Sakafu ya nyumba yenye unene wa sentimita 5 au 7, hata ikiwa imepakwa saruji ikang'ara, haifai kabisa. Kila mtengenezaji wa mashine huandika unene na nguvu za zege anazozitaka, na maandishi hayo ndiyo yatakayofuatwa. Kwa mpango wa nyumbani, ni busara kuanzia na unene wa sentimita 15 kwa sakafu nzima, na sentimita 30 chini ya kila nguzo kwa eneo la mita moja kwa mita moja.

Mchanganyiko uwe wa saruji kipimo kimoja, mchanga kipimo kimoja na nusu, na kokoto vipimo vitatu. Sakafu ya mita 4.5 kwa 7, kwa unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 4.7. Tukiongeza unene wa chini ya nguzo mbili, tunapata kama mita za ujazo 5. Kila mita ya ujazo ya mchanganyiko huo inakula karibu mifuko 8 ya kilo 50, hivyo kazi yote itahitaji mifuko 40 ya saruji. Anayeambiwa na fundi kwamba mifuko 20 inatosha, aulize nusu ya pili imekwenda wapi.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Mchanga wa pwani usitumike. Chumvi yake huila nondo kwa ndani, zege likapasuka baada ya miaka michache, na kuuchota mchanga huo kunaharibu fukwe zetu. Aidha, maji ya kisima yenye chumvi yasichanganyiwe zege.

2. Nondo za milimita 12 zisukwe kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande. Kabla ya kusuka, mahali pa kila bolti papimwe na kuwekewa alama, ili keekee isije ikakutana na nondo.

3. Sehemu ya kusimamisha nguzo iwe bapa. Mteremko wa kutolea maji uanzie mbele yake, karibu na lango.

4. Zege limwagwe kwa siku moja bila ya kuacha kiungo karibu na nguzo, na lishindiliwe vizuri.

5. Zege lifunikwe na kumwagiwa maji kila siku kwa muda usiopungua siku 7, kisha lisubiriwe hadi zitimie siku 28 tangu kumwagwa. Bolti zisitobolewe kabla ya hapo.

Wengi hushindwa na sharti hili la mwisho. Mashine imeshafika, majirani wanakuja kuitazama, na zege linaonekana gumu tangu wiki ya kwanza. Hata hivyo, ugumu wa juu si nguvu za ndani. Siku 28 ni kidogo ukilinganisha na maisha ya mtu.

Baada ya kufungwa, bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, zikaguliwe tena baada ya kuinua gari mara chache za mwanzo, kisha kila baada ya miezi michache. Ufa wowote unaoanzia kwenye bolti ni amri ya kusimamisha kazi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na kwenye gereji, ukuta huo huenda usipate wa kuujenga.

UMEME

Nyumba zetu nyingi zina umeme wa njia moja, voti 230. Mashine ya nyumbani huwa na mota ya kiasi cha kilowati 2.2, nayo huweza kutumia umeme huo ikiwa imetengenezwa kwa ajili yake. Tahadhari kubwa ni kwa mashine zilizotumika. Nyingi zilitoka kwenye gereji kubwa na zinataka umeme wa njia tatu. Na zile zilizotoka Japani huwa zimetengenezwa kwa voti 200 za nchi hiyo. Mnunuzi asome kibati cha mota kabla ya kutoa fedha, na asikubali mashine isiyo na kitabu chake cha maelezo.

Mashine ipewe waya wake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, wenye unene unaostahiki, kikata umeme chake na waya wa ardhi. Waya mwembamba wa kuunganisha kutoka sebuleni hupunguza nguvu za umeme, na mota huungua. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni, na mwenye nyumba atake ushauri wa Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) iwapo matumizi yake yataongezeka sana.

Visiwa vyetu hupokea umeme kutoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Wakaazi wa Unguja hawajasahau mwezi Mei 2008, umeme ulipokatika kwa takriban mwezi mmoja, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokosekana kwa takriban miezi mitatu. Hali imekuwa bora tangu waya mpya wa megawati 100 uanze kazi mwaka 2013, lakini umeme kukatika kwa muda ni jambo la kutarajiwa. Mashine nzuri haiangushi gari umeme unapokatika, kwa sababu makomeo ya chuma huishika. Lakini gari iliyokaa juu ya makomeo haiwezi kuteremshwa mpaka kwanza iinuliwe kidogo ili makomeo yafunguke, na kuinua kunahitaji mota. Hivyo basi, muuzaji aulizwe mapema kama mashine ina pampu ya mkono. Anayetegemea jenereta ajue kwamba mota huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Jenereta ya kilowati 2 haitaiwasha.

KUINUA KWA SALAMA

Gari huinuliwa kwenye sehemu zilizoimarishwa na mtengenezaji, nazo huonyeshwa katika kitabu cha gari. Kwa hali ya hewa yetu ya chumvi, sehemu hizo ndizo zinazooza mwanzo. Zigongwe kwa nyundo ndogo kabla ya kuwekewa mkono wa mashine. Zikitoa sauti ya bati lililokufa au zikibonyea, gari hiyo isiinuliwe mpaka iungwe kwanza.

Gari ipandishwe kidogo hadi magurudumu yaache sakafu, kisha isimamishwe, isukumwe kwa mkono na mikono yote minne itazamwe. Ikitikisika vibaya, iteremshwe na kupangwa upya. Ikifika kwenye kimo kinachotakiwa, ishushwe ikae juu ya makomeo ya nguzo zote mbili. Mtu asiingie chini yake ikiwa imeshikwa na mafuta ya pampu peke yake.

Fundi akumbuke vilevile kwamba uzito wa gari hubadilika kazi inapoendelea. Gari nyingi ni nzito upande wa mbele kwa sababu ya injini. Injini au gia ikitolewa, gari huwa nzito nyuma na inaweza kupinduka kutoka kwenye mikono. Kabla ya kutoa kitu kizito, stendi ndefu iwekwe chini ya upande utakaobaki na uzito.

HEWA, MOTO NA OILI

Injini isiachwe ikiunguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Madirisha mawili yanayotazamana, yakipokea upepo wa kaskazi na wa kusi, ni bora kuliko feni. Kizimia moto cha unga kiwekwe karibu na lango, mahali ambapo mtu anayekimbia atakifikia.

Kuhusu oili chafu, suala hili halimhusu mwenye gereji peke yake. Maji tunayokunywa hutoka zaidi ardhini, kwenye visima, mapango na chemchem. Katika jiwe la matumbawe lenye matundu, kinachomwagwa juu hufika chini upesi bila ya kuchujwa. Gari moja hutoa kiasi cha lita 4 za oili kila inapobadilishwa, na zikimwagwa kwenye karo au nyuma ya ukuta, zitarejea kwenye ndoo ya jirani. Oili itiwe kwenye pipa lenye kifuniko, likae juu ya sakafu yenye ukingo, na ikabidhiwe kwa wanaoikusanya. Karo la gereji lisiunganishwe na karo la nyumba.

IDHINI NA UJIRANI

Mwananchi aanze kwa sheha wake, kisha afuate utaratibu wa kibali cha ujenzi katika mamlaka ya eneo lake. Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hakuna ujenzi wala kubomoa bila ya idhini ya mamlaka ya hifadhi yake. Kuta za mawe na chokaa za huko zisifungiwe mashine wala kutikiswa kwa nyundo. Iwapo gereji itapokea gari za watu kwa malipo, hiyo ni biashara na ina taratibu zake. Majirani waarifiwe, na kazi za kelele zisifanywe usiku wala nyakati za sala.

MPANGO WA KAZI KWA UFUPI

1. Pima kiwanja, gari na kimo cha paa.
2. Chunguza udongo.
3. Chagua aina ya mashine na upate kitabu chake.
4. Pata kibali.
5. Jenga sakafu wakati wa kiangazi, na usubiri siku 28.
6. Ezeka paa na uvute umeme.
7. Funga mashine kwa mkono wa fundi mwenye ujuzi, na uijaribu kwa gari nyepesi kabla ya nzito.
8. Ufunguo wa swichi ukae kwa mtu mmoja, mbali na watoto.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Dari ina urefu wa mita 3.1 na gari ina mita 1.9. Itainuliwa kwa kimo gani?
2. Ni bolti za upande gani wa nguzo zinazovutwa juu, na kwa nini?
3. Kwa nini gari iliyokaa juu ya makomeo haiteremki umeme ukikosekana?
4. Sakafu ya mita 4 kwa 6, yenye unene wa sentimita 15 bila ya nyongeza chini ya nguzo, itahitaji mifuko mingapi ya saruji kwa mchanganyiko uliotajwa?

Majibu: (1) Mita 1.1. (2) Za nje, kwa sababu mikono yenye uzito imetokeza kwa ndani. (3) Kwa sababu haina budi kuinuliwa kwanza ili makomeo yafunguke. (4) Mita za ujazo 3.6, yaani mifuko 29.

Asiyeweza kutimiza masharti ya sakafu asione haya kubaki na jeki na stendi za chuma juu ya ardhi ngumu. Hiyo nayo ni gereji, na inamrejesha mtu ndani kwake jioni akiwa mzima.